Sunná na Madaraja Mawili ya Garrajohka

Nimewaambia hawa wa kijitabu cha kanisa kwamba mimi si mtu wa kuandika. Kalamu nilifundishwa misimu michache ya baridi katika bweni la shule, kwa lugha isiyokuwa yangu, na nilipotoka nilijua kuandika jina langu na kusoma Zaburi kwa kidole. Wakasema, Biret, andika tu kama unavyosema. Nikawauliza, mbona hamwandiki nyinyi, mko wengi na mna miwani? Wakasema wao hawakuwepo. Hilo kweli, hawakuwepo. Kila mwaka wanatoa habari za mtu mmoja wa kwetu, na kila mwaka wanamchagua aliyekufa, kwa sababu marehemu habishi. Mwaka huu wamemchagua mdogo wangu Sunná, ambaye yuko hai na atabisha. Haya, nitaandika. Ila atakayenisahihisha ajue kwamba nitataka kusomewa kabla kijitabu hakijapigwa chapa.

Mimi na Sunná tumeachiana ziwa. Tulilala ngozi moja ya kulungu, hawa wetu wa nchi ya theluji tunaowafuga, tukiwa wadogo, na tukagombania kijiko kimoja. Mimi niliolewa upande huu wa mto, karibu na barabara. Yeye alimpenda Heaika wa ng'ambo.

Ng'ambo ya Garrajohka ni nchi nzuri kuitazama. Malisho yake ya kiangazi hayana mfano, ndama wananenepa kama waliomwagiwa mafuta. Lakini mbele yake kuna mto, nyuma yake kuna mto mwingine unaotoka kwenye barafu ya mlimani, na kando zake ni milima isiyopandika. Wako watakaosema kulungu wetu wanaogelea. Wanaogelea, ndiyo, najua, nimewaona wakivuka ghuba ya bahari. Lakini Garrajohka pale kwetu hupita ndani ya korongo, maji yakigonga mawe kama mtu mwenye hasira anayetafuta kitu kilichopotea. Hakuna kinachoogelea pale. Mto ukiganda, unavuka popote. Usipoganda, unavuka darajani au huvuki.

Daraja la kwanza lilijengwa kiangazi kilichotangulia harusi ya Sunná. Serikali ilitoa kamba za chuma, wanaume wa kwetu wakatoa mbao na migongo. Lilikuwa daraja la kuning'inia, ukilikanyaga huku linakujibu kule. Mama yetu alilitazama siku ya harusi, akasema, "Mwanangu unaolewa ndani ya chupa." Sunná akacheka. "Basi nitakuwa maziwa, mama. Maziwa hukaa chupani."

Hakukaa kama maziwa. Alikuwa mtu wa kutembea. Ndiye aliyekuwa akitangulia mbele ya kundi, na kamba ya maksai mkononi, kila masika na kila vuli. Kulungu hawamfuati mtu, wanamfuata maksai, dume mwenzao aliyehasiwa na kuzoeshwa, mwenye kengele shingoni, na maksai anamfuata anayemwamini. Sunná alizoesha maksai kwa mikono yake tangu wakiwa ndama. Wanaume walikuja kumwomba maksai wake, wakarudi nao, na maksai wakawatoroka wakarudi kwa Sunná.

Lakini masika barafu ilipokuwa ikipasuka, daraja lilitolewa mbao zake ili vipande vya barafu visilibebe, na hapo Sunná alikuwa amefungiwa hadi maji yatulie. Mwaka mmoja mama yetu alikufa katika siku hizo. Tulimzika mama, Sunná akiwa ng'ambo. Tulipitisha jeneza kando ya korongo ili alione, naye akavua kofia akasimama. Sikusikia alichosema, maji yalikuwa yanapiga kelele. Nilipomuuliza baadaye akasema hakusema kitu, alikuwa anatafuna nyama kavu asilie.

Daraja la pili lilikuja watoto wetu walipokuwa wakubwa. La chuma, lilijengwa chini kidogo ya lile la kamba, umbali wa mtupo wa jiwe, kwa ajili ya pikipiki za magurudumu manne. Kulungu walilikataa. Lilikuwa na sakafu ya chuma yenye matundu, na kulungu akiona maji chini ya kwato zake anageuka. Kwa hiyo mashine zilipita la chuma, na kundi likaendelea kupita la kamba kama siku zote.

Mbele ya daraja la kamba, upande wa ng'ambo, palikuwa na uzio wa mikono miwili, mpana kule juu kilimani na mwembamba ukifika mtoni, mfano wa faneli ya mafuta. Kundi likishaingia kwenye mdomo wa uzio halina pa kwenda ila darajani. Kila nyumba ilijenga kipande chake, na kipande cha mtu hakiguswi na mwingine hata kikioza. Kikianguka, mwenyewe ndiye wa kukiinua. Mwenyewe akifa, mjane wake. Wapo watu wa kwetu walionyimana salamu hadi kaburini kwa sababu ya mti mmoja wa uzio. Kipande cha mwisho, kile kilichogusa daraja, kilikuwa cha Heaika. Heaika alipokufa kikawa cha Sunná.

Basi madaraja yakazeeka. La kamba lilipigwa na upepo na barafu hadi likainama upande mmoja kama mlevi anayetafuta ukuta. La chuma lilichimbwa mguu na mafuriko, likajikunja katikati. Wakaja wakubwa wenye vipimo, wakapima, wakaondoka. Kisha tukasikia kwamba yote mawili yataondolewa kabla hayajaua mtu, na jipya halitajengwa, kwa kuwa ng'ambo hakai mtu.

"Hakai mtu," Sunná akasema alipoambiwa. "Mimi nakaa kama nini, kama kisiki?"

Mwanawe Issát alikuwa ameshamtafutia chumba katika nyumba ya wazee kijijini. Nimekiona chumba hicho. Kina kitanda cha kupanda na kushuka chenyewe, na dirisha linalotazama maegesho ya magari. Issát si mtoto mbaya. Alimwambia, "Mama, madaraja yakishaondoka sikuachi kule. Ukianguka nani atakuokota?"

"Mbwa."

"Mama, sisemi mzaha."

"Hata mbwa hafanyi mzaha." Kisha Sunná akasema neno ambalo sote tulilisikia. "Kulungu wakivuka, na mimi navuka, nitaenda kwenye hicho kizimba chako. Wasipovuka, nabaki nao. Nimemaliza."

Tukaona ameshakubali. Nusu ya kundi ilikuwa imeshatangulia malisho ya baridi pamoja na binamu zetu. Iliyobaki ilikuwa inakusanywa milimani na Issát na mkewe Máret. Nani angefikiri kulungu watakataa kwenda wanakokwenda kila mwaka?

Aliyekuja kuondoa madaraja alikuwa Torgeir, mtu wa kusini, mrefu, mpole wa sauti, na vijana wake wenye kofia ngumu. Wakapiga mahema upande wetu. Torgeir alikuja na sharti jema. Daraja la kamba litatoka kwanza, asubuhi, kwa helikopta, maana halikuaminika tena chini ya kundi. La chuma ataliacha hadi kundi lipite, maana mguu uliochimbwa bado ungebeba kulungu wakienda taratibu. Sisi tutandike sakafu yake kwa matawi ya miti ya mbetula na malisho meupe, ule ukoga wa ardhini wanaokula kulungu, ili wanyama wasione maji. Tukatandika. Hata vijana wake walisaidia, wakachubuka mikono.

Siku hiyo ya kutandika, Torgeir alisimama kwenye uzio na kuutikisa. Mimi nilikuwepo.

"Mama," akamwambia Sunná, "huu nauondoa pamoja na daraja. Mkasi wa waya ninao, ni kazi ndogo."

Sunná hakuinua kichwa kutoka kwenye matawi. "Wewe umetumwa kuondoa nini?"

"Madaraja."

"Hilo unaloshika ni daraja?"

"Hapana, mama. Lakini daraja likishatoka, uzio huu utakuwa unaelekeza wanyama kwenye shimo."

"Uzio una wenyewe. Mwanangu atautoa akishuka mlimani. Wewe kula madaraja yako, uzio tuachie."

"Itakuwa vizuri utolewe kabla kundi halijashuka."

"Baba yangu, nawavusha kulungu hapa tangu mama yako hajavunja ungo. Maksai anashikwa na mimi. Nikigeuka, anageuka. Akigeuka, wote wanageuka."

Vijana wake wakacheka chinichini. Torgeir akaona abadilishe mazungumzo, maskini, akauliza, "Na wako wangapi?"

Nikajifanya nakohoa. Kwetu hilo haliulizwi, ni kama kumfunulia mtu sahani. Sunná akamjibu kwa upole kabisa, "Wako upande huu wa mti, na upande ule wa mti."

Torgeir akaacha uzio. Angefanya nini? Na mimi sikumwambia aukate, wala mtu mwingine yeyote wa kwetu hakumwambia. Tungesema nini, kwamba mgeni aguse kipande cha Heaika?

Asubuhi yake helikopta ikaja, ikanyanyua daraja la kamba vipande vipande. Mbao kwanza, kisha nyaya. Vilikwenda vikining'inia angani juu ya mahema. Zikabaki nguzo mbili za mawe kila upande, na katikati yake hewa tupu. Mchana ulipofika helikopta ikaenda kujaza mafuta. Nikawasha moto upande wetu, nikaweka kahawa, nikakata nyama kavu na jibini, tukangoja.

Upepo ukaanza. Issát alikuwa ametundika vipande vya magunia kwenye kamba, kuanzia mdomo wa uzio kuteremka hadi daraja la chuma, kuonyesha kundi njia mpya. Upepo ulipokuja magunia yakaanza kupigapiga. Niliyaona, nikasema moyoni Sunná atayapita, Sunná keshapita na maksai kwenye dhoruba.

Kundi unalisikia kabla hujaliona. Vifundo vya miguu ya kulungu vinalia wakitembea, na wakiwa wengi ni kama msitu mzima unavunjwa vijiti. Wakatokea juu ya kilima. Mbele yao Sunná na kofia yake nyekundu, na Muzet, maksai wake mweusi, kengele ikilia. Amezungusha kamba kwenye kifundo cha mkono, kama alivyofanya siku zote. Aligeukia magunia, kuelekea daraja la chuma. Vizuri. Muzet akageuka naye. Halafu gunia moja likajirusha usoni mwa Muzet.

Hakuna aliyekosea hapo, isipokuwa sisi sote. Mnyama akiogopa hukimbilia anakokujua. Muzet alikuwa amepita uzio ule maisha yake yote. Akauingia mdomo wa uzio akikimbia, Sunná nyuma yake akivutwa na mkono, na kundi lote likamwagika nyuma yao. Sunná hakuachia kamba. Sijapata kumwona akiachia kamba.

Walifika kwenye nguzo za mawe. Nilimwona Sunná akijitupa kwenye nguzo, akaingiza mwili kati ya jiwe na bega la Muzet, akazungusha kamba kwenye ndoano ya chuma iliyobaki pale. Muzet akasimama. Kwato zake za mbele zilikuwa ukingoni kabisa. Na nyuma yake kundi likajaa uzio wote hadi juu, pembe kwa pembe, wanasukumana, ndama wanalia, majike wanawaita. Kwa muda ambao maksai amesimama, kundi nalo husimama. Lakini waliokuwa nyuma walikuwa bado wanashuka, maana nyuma ya kilima Issát na Máret walikuwa kwenye mashine zao wanasukuma. Hawakuona mto kutoka kule. Kwao mambo yalikuwa yanakwenda.

Nikaita. Sauti yangu haikufika hata katikati ya korongo. Niliona mdomo wa Sunná ukifunguka na kufunga, naye yuko karibu kiasi kwamba ningemrushia mkate. Torgeir alikuwa anapunga mikono yote miwili kama mtu anayezama.

"Mama, wewe baki hapa," akaniambia.

"Nibaki nikoroge kahawa?"

"Daraja lile halifai kukimbia watu wawili."

"Basi usikimbie."

Nikatangulia, kwa kuwa yeye alikuwa bado anafikiri. Nyonga yangu ni mbovu, kila mtu anajua. Nilishika ukingo nikajivuta juu ya matawi tuliyotandika kwa ajili ya kulungu, na katikati daraja lilipojikunja nilihisi chuma kikilia ndani ya meno yangu. Torgeir alinifuata nilipokwisha kuvuka. Alikuwa na mkasi wa waya mkubwa kama miguu ya mtoto.

"Wewe una miguu mirefu," nikamwambia. "Nenda juu uwasimamishe hao wawili. Mkasi nipe mimi."

"Mama, hizo waya ni nene."

"Nenda."

Akaenda akikimbia, koti lake la rangi ya machungwa likawa dogo kilimani. Nikapita nje ya uzio, nikishika mti kwa mti, hadi nikafika alipo Sunná. Kati yetu palikuwa na uzio na migongo ya kulungu wawili watatu. Uso wake ulikuwa mweupe. Muzet alikuwa amemkandamiza kwenye jiwe, kundi likisukuma anabanwa zaidi, na mkono wenye kamba umegeuka rangi.

Siku zote ananiita dada. Siku ile aliniita kwa jina.

"Biret. Hicho ni kipande cha Heaika."

"Najua."

"Usikiguse."

"Heaika amelala makaburini, haji kukikagua."

"Kata chako."

"Changu kiko kule juu kwenye tope, mjinga wewe. Wakitokea kule mwishoni watakuwa wameshakushusha mtoni."

"Nimesema kata chako."

"Shika kamba unyamaze."

Waya haikukatika. Mikono yangu haina nguvu tena ya kufunga mkasi ule. Nikaulaza, mpini mmoja chini kwenye mawe, nikakalia ule mwingine kwa uzito wangu wote, na kwa mara ya kwanza maishani nikashukuru kwa uzito wangu. Waya ya kwanza ikalia. Nikasogeza, nikakalia ya pili. Sunná alikuwa ananitukana, kisha akaacha kunitukana, na hilo ndilo lililonitisha. Mawe ya ukingo yalikuwa yamelegezwa na kazi ya asubuhi. Moja likatoka chini ya kwato za jike lililokuwa pembeni ya Muzet, na jike likaenda nalo. Sikusikia hata likifika chini. Likafuata lingine na ndama wake. Waliokwenda sisemi idadi. Kwetu kulungu hawahesabiwi, walio hai wala waliokufa.

Waya ya mwisho ikakatika, nikalala chali na kuusukuma mti kwa miguu yote miwili. Ukaanguka. Hakuna aliyetoka. Walitazama tundu kama kwamba sijalikata. Halafu ndama mmoja akapita, kwa sababu ndama hana akili, na mama yake akamfuata kwa sababu ana akili, na baada yao hapakuwa na kuzuia. Walinipita pande zote, wengine juu yangu. Nilijifunika kichwa. Waliporudi milimani wote, uzio ulikuwa mtupu, na Sunná alikuwa bado amesimama kati ya jiwe na Muzet, kamba mkononi, macho kwenye tundu.

"Umekikata vibaya," akasema. "Ungekata karibu na mti, waya ingetumika tena."

Issát alishuka na Torgeir. Aliona nguzo, aliona hewa, akakaa chini palepale alipofika. Alikuwa amewasukuma kwa bidii, unaelewa, alikuwa amefurahi juu kule kwamba wanakwenda upesi. Torgeir hakusema neno kuhusu uzio, siku ile wala baadaye. Kwa hilo namheshimu. Alimkata Sunná kamba ya mkononi kwa kisu, akamfunga mkono, akatuvusha.

Siku zilizofuata tulijaribu. Tulitoa uzio wote, kila nyumba kipande chake, na cha Heaika alikitoa Sunná mwenyewe kwa mkono mmoja, akakataa msaada. Tukaweka chumvi juu ya daraja la chuma. Tukangoja upepo utulie. Muzet alikubali kushuka hadi nusu ya kilima, kisha akakita miguu ardhini kama meza, na nyuma yake kundi halikutaka hata kuuona mto. Torgeir alingoja hadi wakubwa wake wakampigia simu ya redio na sauti zao tukazisikia nje ya hema. Mguu wa daraja ulikuwa unazidi kwenda. Akaja kutuambia kwamba kesho hakuna budi.

Tulikuwa ng'ambo, nje ya nyumba ya Sunná. Issát alikuwa ameshafunga mizigo yake na ya mama yake.

"Mama, twende. Barafu ikishika nitarudi kuwachukua."

"Na hadi barafu ishike watakuwa na nani?"

"Watakuwa peke yao."

"Wamefiwa, wameogopa, wana ndama, na wewe unasema peke yao."

"Basi nabaki mimi."

"Una nusu ya kundi kwa binamu zako, na watoto shuleni. Utakatwa vipande viwili?"

Issát akanigeukia. "Mama mkubwa, mwambie."

Nikamtazama mdogo wangu. Mkono umefungwa, kofia imechanika. Nilijua nikisema njoo, hatakuja. Nikisema baki, Issát hatanisamehe. Nilijisikia kama wale kulungu ndani ya uzio, nyuma nasukumwa na mbele hakuna daraja.

"Alitoa neno," nikasema. "Wakivuka, anavuka. Hawakuvuka."

"Hayo yalikuwa maneno tu," akasema Issát.

"Ya nani?" Sunná akamwuliza.

Alitusindikiza hadi darajani. Akaniambia, "Baki na mimi, dada. Chumba kipo."

"Nina mume asiyejua kuchemsha maji."

"Ataungua, atajifunza."

"Sunná, umejifungia mwenyewe."

"Kule kwenye chumba cha Issát nani angenifungia? Malaika?" Kisha akasema kwa sauti ndogo, ambayo sikuizoea kwake, "Naogopa usiku wa kwanza tu. Baadaye mtu huzoea."

Nikavuka. Asubuhi helikopta ikainua daraja la chuma. Sehemu moja tu ilisumbua, wakaikata kwa moto. Sunná alisimama upande wake akitazama kazi yote kama mtu anayehakikisha haibiwi kitu. Likaondoka. Akageuka akapanda kilima, Muzet nyuma yake, bila kamba.

Barafu ilichelewa mwaka ule. Ilipita juma baada ya juma, mto mweusi katikati na ukingo mweupe, na mimi kila siku nilikwenda kutazama moshi wake. Siku mbili hakukuwa na moshi, na sikulala. Kumbe alikuwa amewafuata kulungu juu. Mto ulipoganda alivuka na kundi lote, akakaa katika chumba cha Issát akitazama magari. Nilimtembelea. Alikuwa amehamisha kitanda ili kichwa kisikabili mlango, na wauguzi walimwogopa. Masika kabla barafu haijapasuka akaamka alfajiri, akamfunga Muzet kengele, akarudi ng'ambo na kundi. Hakumuaga mtu. Sasa ni vuli tena, mto uko wazi, yuko kule, na hana mlango.

Mnasema mkaidi. Ni mkaidi. Mngekuwa nyinyi mngechagua chumba kipi, cha dirisha la magari au cha mto? Mimi sijui, na nimefikiri sana.

Jambo moja la mwisho, na hili ndilo lililonifanya nikubali kuandika. Torgeir alipoondoka aliacha nyuma ya nguzo za mawe, upande wetu, kamba moja ndefu ya chuma, imezungushwa vizuri. Nilimwuliza mbona hii hukuichukua. Akasema helikopta imejaa. Issát anasema kamba hiyo ikivutwa kutoka nguzo hadi nguzo, na kisanduku kikaning'inizwa chini yake, mtu mmoja anaweza kuvuka kwa kujivuta, na mgonjwa anaweza kuvutwa. Kibali hatuna, na sijaomba. Lakini kamba ni nzito, Issát peke yake hawezi, na mimi nimebaki na kukalia tu.

Basi wewe uliyesoma hadi hapa, umeshakula habari za mdogo wangu bure. Jumamosi ya kwanza baada ya ibada ya mavuno, njoo Garrajohka. Njoo na glavu, zako, sina za kuazimisha, na chakula chako. Kahawa nitapika mimi. Usiniletee salamu wala udhuru. Leta mikono.